Wagonjwa wa saratani wa Tanga wanahesabiwa wapi?

Hospitali ikipata daktari wa patholojia, yule anayechunguza vipande vya nyama ya mwili kwa hadubini, mwaka huohuo saratani "huongezeka". Wagonjwa walikuwepo kabla yake, ila hawakuwa na jibu la maabara. Kwa hiyo jedwali la wodi, hata liwe safi namna gani, linatwambia nani alifika. Ukubwa wa saratani mkoani ni hesabu nyingine, na huanzia barabarani.

Mgonjwa wa Lushoto akishateremka Mombo ana njia mbili: kupandisha hadi hospitali ya KCMC, Moshi, au kushuka kupitia Segera hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Wa Handeni huelekea Dar. Wa Mkinga anaweza kuvuka Horohoro akatibiwe Mombasa. Wengine huishia Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, wengine kwa mganga wa kienyeji, na wapo wasiotoka kitandani kwao. Anayesoma vitabu vya Bombo peke yake amehesabu kipande tu cha mkoa.

Rejista ya saratani ya jamii, yaani ile inayohesabu wagonjwa wote wa eneo fulani popote walipotibiwa, hufuata makazi. Mkazi wa Muheza aliyegunduliwa Moshi ni wa Tanga. Mgeni wa Kilifi aliyepimwa Bombo si wa Tanga. Hapa ndipo kazi inapoharibika zaidi, kwa sababu mgonjwa akifika Dar huandikisha anwani ya nduguye wa Mbagala, na faili likishaandikwa Mbagala limehama mkoa. Karani asiulize "unaishi wapi". Aulize: "Mama, kabla maradhi hayajaanza ulikuwa ukikaa wapi?" Kisha aandike wilaya, kata na kitongoji. Jina la mwenyekiti wa kitongoji nalo lisaidie, maana vitongoji vyenye jina moja ni vingi.

Karani aanzie maabara ya patholojia, halafu wodi, kliniki ya saratani, picha za mionzi, kliniki ya tiba na matunzo ya VVU (Kaposi sakoma, saratani inayowapata sana wenye VVU, nyingi hupatikana huko), huduma ya tiba shufaa, yaani ya kutuliza maumivu, na mwisho daftari la vifo. Mtu yuleyule atatokea mara tatu: Mwanaidi Bakari Mhina maabara, Mwanaidi Muhina wodini, na Mama Omari kwenye daftari la tiba shufaa. Ulinganishe majina matatu, jinsia, kata, mahali saratani ilipoanzia, na umri kwa kuacha nafasi ya miaka kadhaa juu na chini. Umri wa kutajwa hupenda kuishia na 0 au 5. Programu ya CanReg5, ya shirika la utafiti wa saratani la IARC lenye makao Lyon, Ufaransa, huonyesha majina yanayofanana, lakini uamuzi wa mwisho ni wa mtu.

Kila saratani hupewa msimbo wa mahali ilipoanzia: C50 titi, C53 shingo ya kizazi, C61 tezi dume. Titi lililosambaa hadi mfupani ni saratani moja. Mtu mwenye saratani ya titi na baadaye nyingine iliyoanza yenyewe kwenye umio ana mbili. Ukikuta "saratani ya ini" kwenye karatasi ya rufaa, tafuta kama ini ndipo ilipoanzia au ilipofikia. Na tarehe ya kugunduliwa ni siku kinyama, yaani kipande cha kupimwa maabara, kilipochukuliwa. Ukiandika siku jibu liliporudi, wagonjwa wa Novemba na Desemba wanahamia mwaka unaofuata.

Kipimo cha ubora ambacho wengi hukisoma kinyume ni asilimia ya wagonjwa waliothibitishwa kwa hadubini. Ikiwa 98, wakubwa hupongezana. Mimi hushtuka, kwa sababu maana yake mara nyingi ni kwamba karani amesoma daftari la maabara peke yake. Wenye saratani ya ini au kongosho, ambao wengi hawachukuliwi kinyama, hawamo.

Sasa kigawanyo, yaani idadi ya watu ambayo wagonjwa hugawanywa kwayo. Sensa ya 2012 ilihesabu Tanga watu milioni 2.05, ya 2022, milioni 2.6. Ukigawa wagonjwa wa 2022 kwa watu wa 2012, kiwango kinapanda kwa zaidi ya robo bila saratani kuongezeka hata kidogo. Tumia makadirio ya katikati ya mwaka husika, kwa jinsia na kwa makundi ya miaka mitano mitano.

Makundi hayo ndiyo yanayowezesha kulinganisha Tanga na kwingine, maana nchi yenye wazee wengi itakuwa na saratani nyingi tu. Tuchukue mfano wa kubuni. Wanawake 40,000 wa miaka 45–49 wakiwa na wagonjwa wapya 12 wa shingo ya kizazi kwa mwaka, kiwango ni 30 kwa kila 100,000. Katika idadi sanifu ya dunia, yaani mgawanyo mmoja wa umri inaotumia rejista nyingi ili zilinganishwe, kundi hilo lina uzito wa 6,000 kati ya 100,000, hivyo 30 × 0.06 = 1.8. Fanya hivyo kwa makundi yote 18, ujumlishe. Jumla hiyo ndiyo inayowekwa kando ya lengo la Shirika la Afya Duniani la kutokomeza saratani hii: chini ya 4 kwa kila wanawake 100,000 kwa mwaka.

Wilaya ndogo isipewe kiwango cha mwaka mmoja. Wagonjwa 5 mwaka huu na 9 mwakani ni tofauti inayoweza kuletwa na bahati tu. Unganisha miaka mitatu hadi mitano.

Uzito wa ugonjwa unahitaji swali jingine: umechukua miaka mingapi ya watu? Tuseme wanaume 20 wamekufa kwa tezi dume wakiwa na miaka 78, na wanawake 10 kwa shingo ya kizazi wakiwa na 45. Kama jedwali la rejea la miaka ya kuishi linawapa wanawake miaka 40 iliyobaki na wanaume 10, wanaume wamepoteza miaka 200, wanawake 400. Kwa vifo tezi dume inaongoza mara mbili. Kwa miaka iliyopotea mambo yamegeuka. Bajeti ya mkoa ingesomwa kwa hesabu zote mbili.

Juu ya miaka hiyo huongezwa miaka ya kuishi na maumivu, kwa uzito wa 0 (afya kamili) hadi 1 (sawa na kifo). Katika tafiti za mzigo wa magonjwa duniani, hatua ya mwisho yenye dawa ya maumivu hupewa 0.540, isiyo na dawa 0.569. Uzito huo ulitokana na kuwauliza watu wa kawaida, wakiwemo wa Pemba, ng'ambo tu ya Tanga. Hata hivyo, aliyeuguza mtu bila morfini ya maji ataona tofauti ya 0.029 ni ndogo mno.

Kuna hesabu moja hupotosha hata wataalamu: asilimia ya walio hai baada ya miaka mitano. Simu ya mgonjwa imebadilika, hakurudi kliniki, na programu inamwacha hai. Pwani maiti huzikwa siku hiyohiyo, mara nyingi bila cheti cha kifo, kwa hiyo hakuna karatasi ya kumkumbusha karani. Siku ya kwanza chukua namba mbili za ndugu, na mmoja wao awe hakai nyumba moja na mgonjwa. Kila mwaka piga. Wasipopatikana, mtendaji wa kata aulizwe. Asiyejulikana kabisa ahesabiwe hadi siku ya mwisho alipoonekana, na idadi ya waliopotea hivyo iandikwe kando ya asilimia, kwenye mstari uleule.