Ofa inaisha leo, na kesho pia

Kuna begi la mgongoni nililiweka kwenye kapu la duka moja la mtandaoni kama miezi minne iliyopita. Lilikuwa na bei kubwa imekatwa mstari, chini yake bei ndogo nyekundu, na kasaa kanahesabu dakika kurudi nyuma. Siku ile sikununua, nilikuwa sina hela, nikajua ndo basi nimeikosa. Kesho yake nafungua simu nakuta kasaa kameanza upya.

Basi nikawa nachungulia kila nikikumbuka. Wiki hii ofa ya wateja wapya, wiki ijayo ofa ya mwisho wa mwezi, mara ofa ya kuwashukuru wateja, mara ofa haina hata jina imekuja tu. Bei ya begi ilikuwa ileile, au inacheza kidogo hapo hapo. Halafu ikaja ile seli kubwa yenyewe, ile wanayoitangaza mwezi mzima kabla, mi nimekaa na simu usiku saa sita kamili kama mtu anasubiri matokeo ya mtihani, nafungua... bei ileile ya Jumanne ya kawaida. Nilicheka peke yangu.

Hapo ndo nikaanza kuwaza hii kitu vizuri. Nadhani watu wengi tunakosea tunaposema shida ya ofa nyingi ni utapeli. Utapeli upo, nakuja huko, ila hata ofa za kweli kabisa zikiwa kila siku zinajiua zenyewe. Mtu ukiona kitu unakipima na bei uliyonayo kichwani, sio ile iliyoandikwa kwenye karatasi. Muuzaji anataka uipime ofa yake na ile bei iliyokatwa mstari, na mwanzoni kweli unampa heshima hiyo. Sasa ukiliona begi mara kumi liko kwenye bei nyekundu, kichwa kinahama, ile nyekundu ndo inakuwa bei yake, na ile iliyokatwa inabaki pambo. Kuanzia hapo akilirudisha kwenye bei kamili we unaona amepandisha, unakasirika. Na akitaka ushtuke tena lazima ashushe chini zaidi ya hapo, ambapo huenda faida ndo inaishia.

Mfano mzuri kuliko yote ni JCPenney, lile duka kubwa la Marekani. Lilikuwa limezoea kupiga ofa zaidi ya 500 kwa mwaka, yaani karibu kila kitu kilikuwa kinauzwa kwa punguzo. Mwishoni mwa 2011 akaja bosi mpya, Ron Johnson, katokea Apple alikokuwa anasimamia maduka yao, akasema huu ni mchezo wa kitoto, tuache. Februari 2012 wakafuta kuponi na ofa nyingi, wakashusha bei za kawaida moja kwa moja ziwe za chini kila siku. Kwa akili ya kawaida mteja alitakiwa afurahi si ndio? Mauzo ya mwaka huo yalianguka kama robo, kutoka dola bilioni 17 na kitu mpaka 13 hivi, na Aprili 2013 jamaa akaondolewa. Kuponi zikarudi.

Wengi wanaisoma hii hadithi kama ushahidi kwamba watu tunapenda ofa kuliko bei nzuri, na sikatai, ila mi naona waliosahaulika ni wale waliokuwepo kabla ya Johnson, maana wao ndo walimfundisha mteja kwa miaka na miaka kwamba bei isiyokatwa mstari haiaminiki. Johnson alikuta watu wameshazoea, akataka waache kwa ghafla.

Sasa angalia hizi siku kubwa za seli zenyewe. Black Friday ni Ijumaa moja, ile inayofuata Alhamisi ya Thanksgiving, sikukuu ya shukrani kule Marekani, lakini matangazo yake sa hivi yanaanza mapema Novemba, mengine hata kabla. Alibaba, kampuni kubwa ya maduka ya mtandaoni kule China, walianza seli ya tarehe 11 Novemba mwaka 2009 na ilikuwa siku moja, leo inaanza Oktoba na kwenda wiki kadhaa, na tangu 2022 wameacha kutangaza ile jumla ya mauzo waliyokuwa wanajisifia nayo kila mwaka. Prime Day, seli kubwa ya duka la mtandaoni la Amazon, ilikuwa siku moja 2015, ikafika siku nne 2025, na juu yake wakaongeza nyingine ya Oktoba. Sisemi hazileti hela, zinaleta hela nyingi mno. Ila siku inayochukua wiki tatu haiwezi kumfanya mtu akeshe. Na sehemu ya hizo hela ni za kuazima tu, mtu alikuwa anunue Septemba akasubiri Novemba, au kanunua Novemba cha kutumia Februari, kwahiyo miezi ya pembeni inakauka, meneja anaona duka limepoa, anafanya nini? Anapiga ofa.

Wafaransa wao wana kitu nakipenda. Ile seli wanayoita soldes inapangwa na sheria, mara mbili kwa mwaka, baridi na kiangazi, wiki nne nne. Ofa nyingine zipo katikati na zinaipunguzia nguvu, ila angalau kuna tarehe yenye mwanzo na mwisho.

Na kuhusu utapeli, ule wa kupandisha bei wiki mbili ili uishushe kwa mbwembwe, Umoja wa Ulaya wameweka sheria inayotumika tangu Mei 2022, ukitangaza punguzo lazima uonyeshe bei ya chini kabisa uliyouzia ndani ya siku 30 kabla. Safi sana. Ila cheki, duka lenye ofa isiyoisha ndo linaumbuka hapo, kwasababu bei yake ya chini ya siku 30 ni hiyohiyo ya ofa!

Mi siku hizi nikitaka kitu naandika bei yake kwenye simu na tarehe, naacha mwezi upite. Seli kubwa iliyopita nilikuwa na vitu sita kwenye orodha, viwili tu ndo vilishuka kweli, vitatu vilikuwa palepale na kimoja kilikuwa kimepanda kidogo huku kimeandikwa punguzo. Nilinunua hivyo viwili. Begi halikuwemo, la zamani nimelipeleka kwa fundi akashona kamba.

Wale wa begi jana wamenitumia mesej, ofa inaisha leo usiku.