Deni la Mfalme, Mji wa Marafiki: Safari Yangu Philadelphia

Ukishuka treni stesheni ya Suburban na kupanda ngazi hadi barabarani, mwenyeji wa kwanza utakayemwona Philadelphia ni William Penn, mwanzilishi wa mji huu na wa koloni la Pennsylvania. Amesimama juu ya mnara wa ukumbi wa jiji, sanamu ya shaba ya mita 11 hivi, kofia kichwani na hati mkononi. Kwa miaka mingi wajenzi wa mji huu walikuwa na makubaliano ya mdomo tu: hakuna jengo litakalopita kofia ya mzee. Mwaka 1987 ghorofa moja likapita. Kuanzia hapo timu za jiji zikawa hazishiki kombe, na mashabiki wakasema Penn amewalaani. Ilibidi mafundi wakabandike kijisanamu chake juu kabisa ya jengo refu jipya, na mwaka 2008 timu ya besiboli ikatwaa ubingwa. Anayedhani laana ni mambo ya kwetu tu hajafika huku.

Mimi nimelelewa katika Kanisa la Friends, yaani Marafiki au Waquaker, kule Vihiga, magharibi mwa Kenya. Wamishonari watatu wa Kimarekani walifika Kaimosi mwaka 1902, na leo Kenya ndiyo yenye Waquaker wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Kwa hiyo Penn ni kama babu wa ukoo wa mbali: jina unalisikia tangu utotoni, boma lake hujawahi kulikanyaga.

Hiyo kofia ina kisa chake. Waquaker wa Uingereza wa karne ya 17 hawakumvulia kofia mkubwa yeyote, hata hakimu, na hawakula kiapo mahakamani. Walijazwa magerezani kwa maelfu. Ng'ambo ya bahari hali haikuwa nafuu. Boston walimnyonga Mary Dyer mwaka 1660 kwa sababu alifukuzwa akarudi. Penn, Mquaker mtoto wa admirali, alifungwa katika ngome ya Tower of London, na mwaka 1670 akashtakiwa tena kwa kuhubiri barabarani. Baraza la wazee wa mahakama lilipokataa kumtia hatiani, likafungiwa ndani lenyewe.

Kilichomwokoa ni deni. Mfalme Charles II alikuwa anadaiwa na marehemu baba yake Penn pauni 16,000, na mfalme hakuwa na haraka ya kutoa fedha. Akalipa kwa ardhi. Hati ilitiwa muhuri tarehe 4 Machi 1681, na kijana aliyekuwa akilala rumande akawa mmiliki wa nchi nzima, Pennsylvania, ambayo hajawahi kuiona. Aliivuka bahari mwaka uliofuata kwa meli iitwayo Welcome. Ndui iliwaua abiria kama 30 kati ya 100 hivi kabla ya kufika.

Jumapili nilikwenda Arch Street, kwenye jumba la mikutano lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 19 juu ya kiwanja alichokitoa Penn kiwe makaburi. Hakuna msalaba, hakuna madhabahu, hakuna mimbari. Mabenchi marefu ya mbao, madirisha ya kioo cheupe, basi. Nilikaa nikingoja ibada ianze, kumbe ilikuwa imeshaanza. Kwetu ibada ni kwaya tatu, matangazo, pasta, sadaka, kwaya tena. Mtu akinyamaza dakika mbili unafikiri umeme umekatika. Hapa watu walikuwa kimya karibu nusu saa. Mbao zililia, mtu akakohoa, basi likapita nje. Hatimaye mama mmoja wa makamo akasimama, akasema sentensi tatu nne juu ya jirani yake mgonjwa, akaketi. Hakuna aliyesema amina. Saa ilipotimia jirani yangu alinipa mkono, na kila mtu akampa mwenzake mkono, ikawa tumefunga. Kwenye kahawa nilipotaja Kaimosi, mzee mmoja aliniuliza kama mvua imenyesha. Nilimpenda papo hapo.

Sheria alizozileta Penn mwaka 1682 zilisema anayemkiri Mungu mmoja Mwenyezi hatasumbuliwa kwa imani yake, wala kulazimishwa kulipia kanisa lisilo lake. Vyeo vya serikali vilibaki kwa Wakristo, hilo tusilifunike. Lakini kutoka Arch Street unatembea dakika chache tu mpaka kanisa la St. Joseph, ambako Wakatoliki walianza kusali hadharani mwaka 1733, wakati London yenyewe misa ilikuwa marufuku.

Penn Treaty Park iko kando ya mto Delaware, na hapo ndipo inaposemwa Penn alipatana na Walenape, wenyeji wa asili wa eneo hili, na mkuu wao Tamanend, chini ya mti mkubwa ulioangushwa na dhoruba mwaka 1810. Penn aliwalipa wenye ardhi ingawa mfalme alishampa hati, na hilo ni kubwa kwa zama zile. Wanawe hawakuwa na utu huo. Mwaka 1737 walitoa karatasi ya zamani iliyodai Walenape waliuza ardhi ya mwendo wa siku moja na nusu kwa miguu. Wakatafuta wakimbiaji, wakawasafishia njia msituni kabla ya siku yenyewe, na mmoja akafika zaidi ya kilomita 100. Sisi tunaotoka penye kesi za mashamba hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Nilimalizia Germantown, kwa basi namba 23. Hapa, mwaka 1688, wahamiaji wanne wa Kijerumani na Kiholanzi waliandika ombi wakiwauliza Waquaker wenzao: tumekimbia mateso Ulaya, iweje huku tuwanunue watu weusi walioletwa bila hiari yao? Penn mwenyewe alikuwa na watumwa katika shamba lake la Pennsbury. Mkutano wa mwezi, ngazi ya chini ya kanisa, ukasema jambo ni zito, ukalisukuma kwa mkutano wa robo mwaka, nao ukalisukuma kwa mkutano wa mwaka, ambao uliliweka kando. Kwetu bado tuna ngazi hizo hizo tatu, na aliyewahi kupeleka lalamiko anaujua mwendo wake. Mkutano wa mwaka wa Philadelphia ulikataza waumini kumiliki watumwa mwaka 1776, miaka 88 baadaye. Karatasi yenyewe ilisahauliwa, ikapatikana mwaka 1844, ikapotea tena, ikaonekana mwaka 2005. Siku hizi inatunzwa Haverford College, nje kidogo ya jiji.