Dire Dawa, Mji Uliozaliwa na Kampuni ya Reli

Kabla sijapanda treni ya kwenda Dire Dawa, mji wa mashariki mwa Ethiopia, nilikuwa nimeshalia na bei ya teksi. Stesheni ya Lebu iko nje kabisa ya Addis Ababa, treni inaondoka mapema, na dereva anayekuchukua gizani anajua huna njia nyingine. Stesheni ya zamani, La Gare, iliyofunguliwa 1929, iko mwisho wa barabara ya Churchill na sanamu ya Simba wa Yuda iko mbele yake. Enzi zile abiria alishuka pale akatembea kwa miguu hadi hotelini. Reli mpya imeiacha katikati ya jiji na kumwachia abiria gharama.

Treni yenyewe ni ya umeme, upana wa reli ni milimita 1,435 kama SGR zetu, na inaunganisha Addis Ababa na Djibouti; ilizinduliwa upande wa Ethiopia 2016 na upande wa Djibouti 2017. Viti ni vigumu na mgongo hauna pa kuegemea. Beba maji na chakula chako. Zaidi ya hapo sina la kueleza kuhusu mwendo huo, kwa sababu nilichofuata Dire Dawa ni mabaki ya reli iliyotangulia.

Mwaka 1894 Mfalme Menelik II alimpa mhandisi na mshauri wake Mswisi, Alfred Ilg, kibali cha miaka 99 cha kujenga reli. Mpango ulikuwa na vipande vitatu: kutoka Djibouti hadi Harar, kutoka Harar hadi Entoto, milima iliyo juu ya Addis Ababa, kisha hadi Kaffa, kusini-magharibi, na Nile Nyeupe. Ilg akaungana na Mfaransa Léon Chefneux, na 1896 ikaundwa Compagnie Impériale des Chemins de Fer Éthiopiens, makao yake Paris. Bandari ilikuwa mikononi mwa Wafaransa, nchi ya ndani ilikuwa ya Menelik, mtaji ulikuwa wa wanahisa wa Ulaya. Matatizo yote yaliyofuata yametoka kwenye mgawanyo huo.

Ujenzi ulianza Djibouti 1897, reli ya upana wa mita moja. Pwani ile ni majabali na makorongo, na daraja la chuma la Holhol peke yake lina kimo cha karibu mita 30. Maji yalikuwa ya shida, na Waisa na Waafar, wafugaji wenye malisho yaliyokatwa na njia ile, walishambulia kambi za wajenzi. Fedha ilianza kukauka kabla reli haijatoka jangwani. Harar, mji wa biashara uliokusudiwa, uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na kuipandisha reli mlima ule kungemaliza kila kilichobaki. Kampuni ikaukwepa. Mwishoni mwa 1902 reli ikafika bondeni, kama mita 1,200 juu, kilomita 310 kutoka baharini, na hapo ukaanzishwa mji mpya, Dire Dawa. Ndiyo maana mitaa ya Kezira, upande wa stesheni, imenyooka na kupangwa na ina miti ya kivuli, wakati ng'ambo ya korongo, Megala, vichochoro vinapinda vyenyewe.

Mwaka huohuo Ufaransa ilikubali kuipa kampuni ruzuku ya faranga 500,000 kila mwaka, na kwa ruzuku ile ikajipatia usemi. Menelik alikuwa ametoa kibali kwa kampuni, sasa akakuta serikali ya kigeni imekaa ndani yake. Akazuia reli isiendelee. Waingereza waliokuwa na mtaji humo nao walivuta upande wao, na kufikia 1907 kampuni ilikuwa imefilisika. Kampuni mpya ilipewa kibali 1908, na treni ikaingia Addis Ababa 1917, kilomita 784 kutoka baharini. Linganisha na reli ya Mombasa. Ilianza 1896, upana uleule wa mita moja, ikafika Kisumu 1901, kwa kuwa hazina ya Uingereza ndiyo iliyolipa, zaidi ya pauni milioni 5. Milima, kiu na mashambulizi vilikuwepo kote kuwili.

Karakana ya reli ile ya mita iko nyuma ya stesheni ya zamani ya Dire Dawa. Langoni wanatoza ada ya mgeni na kupiga picha ni malipo mengine. Nililipa nikinung'unika, ila hakuna fedha niliyoitumia vizuri zaidi katika safari nzima. Aliyenitembeza ni mzee fundi wa siku nyingi, Kifaransa chake cha kazini, na hakuwa na haraka. Nilipouliza kuhusu mashine za kukereza alinipeleka kwanza kwenye safu ya magurudumu, akapangusa moja kwa kitambaa mpaka ukaonekana mstari wa rangi nyeupe, wa kidole kimoja, umekata kutoka kwenye ukingo hadi ndani.

Mstari ule una kazi. Gurudumu la zamani la treni ni vyuma viwili: kiini, na juu yake pete nene ambayo mafundi wanaiita tairi. Tundu la tairi hukerezwa liwe dogo kuliko kiini kwa takriban milimita moja kwa kila mita ya kipenyo. Kisha tairi huzungushiwa moto sawasawa hadi nyuzi 250 au 300 hivi. Kwa joto hilo, tairi ya mita moja hutanuka karibu milimita 3, kwa hiyo inashuka kwenye kiini bila kupigwa nyundo. Inaachwa ipoe yenyewe. Ukiimwagia maji, chuma kinakakamaa na kinaweza kupasuka. Ikishapoa imekaza, gurudumu linapelekwa kwenye mashine kukerezwa sura yake, na hapo magurudumu mawili ya ekseli moja lazima yalingane kipenyo. Moja likizidi, ekseli inavuta upande wa lile dogo, na ukingo wake unasaga reli hadi unabaki mwembamba kama kisu.

Hatari inakuja mteremkoni. Kutoka Addis Ababa, zaidi ya mita 2,300 juu, njia hushuka hadi kama mita 1,000 Awash. Breki za chuma zinabana tairi yenyewe kwa muda mrefu, tairi inapata moto na kutanuka, kiini bado baridi, na mshiko unalegea. Tairi ikizunguka hata kidogo, mstari mweupe unakatika na nusu zake hazikutani tena. Mkaguzi anaupita mstari kwa macho, halafu anagonga kwa nyundo: tairi iliyokaza inalia kama kengele, iliyolegea inatoa mlio mzito. Karibu na Awash, Januari 1985, treni iliingia kwenye kona ya daraja ikiwa na mwendo mkali kupita kiasi, na zaidi ya watu 400 wakafa.

Mataruma ya chuma, yale yanayolazwa chini ya reli kuishikilia, yalirundikwa uani. Ya mbao yangeliwa na mchwa, lakini hata chuma hakidumu kwenye udongo wa chumvi wa Djibouti. Kutu huanzia kwenye matundu ya boliti, tundu linapanuka, reli inaanza kucheza, na upana wa njia unazidi mita moja bila dereva kujua.

Nilichokiona pale kimenirudisha Morogoro. Tuna karakana ya reli ya mita, tuna mafundi wanaojua kusikiliza chuma, na sasa tuna SGR. Treni ya umeme naifurahia kama kila mtu. Lakini reli ya mita bado inabeba mzigo hadi Kigoma, na ufundi wa tairi haufundishwi kwa kitabu. Vijana wawekwe pembeni ya wazee sasa hivi, kabla hawajastaafu wote.

Atakayekwenda Dire Dawa aende asubuhi kabla ya joto, achukue kitambulisho, na aulize bei yote langoni kabla hajaingia. Stesheni mpya nayo iko nje ya mji. Bajaji ni nafuu kuliko teksi.