Darcy alikuwa mzuri kwa nusu ya usiku tu

Jumamosi, usiku

Nimemaliza hadithi nyingine kwenye simu, ya mashabiki wa Jane Austen, yule mwandishi wa riwaya wa Kiingereza: wahusika ni wake, visa wanatunga mashabiki. Macho yananiwasha na nimekereka kidogo. Elizabeth Bennet, yaani Lizzy, amepewa tena macho ya kijani! Kiuno cha nyigu, nywele za kufika mapajani, na kila mwanaume akiingia chumbani anasahau alichotaka kusema. Sibishi, mwandishi kalamu anayo. Kuna mahali nilicheka hadi nikajiziba mdomo kwa mto nisiamshe watu. Lakini huyo si Lizzy. Lizzy wa Pride and Prejudice, kitabu cha mwaka 1813, ana macho meusi, na kwenye dansi ile ya kwanza Bwana Darcy, atakayekuja kumpenda, anamtupia jicho na kusema anavumilika, ila si mzuri wa kumtia yeye majaribuni.

Na Darcy mwenyewe je? Kipande hiki watu wanakipita haraka. Anaingia ukumbini, mrefu, sura nzuri, na dakika tano haziishi kabla uvumi haujazagaa kwamba ana pauni 10,000 kwa mwaka. Wanawake wanasema huyu kamzidi rafiki yake Bingley kwa mbali. Sifa hizo zinadumu karibu nusu ya usiku. Kisha inajulikana kwamba anaringa na hakuna kinachompendeza, na sura ileile ikawa ya kuchukiza. Hata ile mali yake kubwa ya Derbyshire haikuweza kuiokoa. Pua haijahama, taya halijahama. Austen anayasema haya bila kucheka, kana kwamba ni kawaida uso wa mtu kuharibika kati ya dansi moja na nyingine.

Mwaka uliofuata, kwenye riwaya ya Mansfield Park, akaugeuza mchezo. Henry Crawford anafika, na akina dada Bertram wanakubaliana kwamba hana sura kabisa. Mara ya pili wanaona si mbaya kiasi hicho. Halafu ana meno mazuri. Mara ya tatu, ole wake atakayethubutu kusema Crawford hana sura. Hizo ni mara tatu tu za kuonana! Nadhani hapo ndipo penye siri yote ya mvuto katika riwaya hizi: uzuri unachukua muda, unapanda na kushuka kama bei ya nyanya. Ukimwandika mwanamke ambaye ni malaika tangu ukurasa wa kwanza, hakuna tena kitu cha kutokea. Mwanaume anabaki kukodoa macho kwa sura ishirini za kitabu.

Najua methali itakayowajia wengi: ukipenda, chongo huita kengeza. Haitoshi hapa. Darcy anaziona kasoro, tena anazihesabu. Ameshagundua kwa jicho lake la ukaguzi kwamba umbo la Lizzy halina ulinganifu kamili, zaidi ya mahali pamoja, na bado amenaswa. Lizzy anatembea maili tatu kwenda kumtazama dada yake mgonjwa, anafika sketi ya ndani imelowa tope inchi sita, na Miss Bingley, dada yake Bingley, anamchokoza Darcy: je, tope hilo halijapunguza sifa za yale macho? Hata kidogo, anajibu, matembezi yameyang'arisha. Chongo ameiona, ameiita chongo, na mguu umeshakwama.

Miss Bingley hakomi. Baadaye, kule Pemberley, nyumbani kwa Darcy, anasema Lizzy amekuwa mweusi, ngozi imekomaa. Darcy anajibu kwamba yeye ameona jua limemchoma kidogo tu, jambo lisilo ajabu kwa mtu aliyesafiri kiangazi. Kipindi hicho cha Regency, 1811 hadi 1820, Mwanamfalme George alipotawala Uingereza badala ya baba yake mgonjwa, mwanamke wa tabaka lao alitakiwa kulikimbia jua. Na dawa za kuchubua zilikuwepo. Kwenye Persuasion, riwaya nyingine ya Austen, Sir Walter Elliot, baba mwenye kujipenda kupita wote, anamhimiza binti yake Anne apake losheni ya Gowland, eti imemwondolea Bi Clay, rafiki wa familia, madoa usoni. Anne akitazama, haoni kilichopungua. Losheni hiyo ilikuwa ikiuzwa kweli Uingereza, na ndani yake mlikuwa na zebaki. Zebaki ileile ya krimu na mikorogo inayopigwa marufuku kwetu leo! Nilipolijua hilo nilikaa kimya, kisha nikacheka kwa uchungu.

Lakini nisiwaonee mashabiki. Austen hatuonyeshi busu la wapenzi. Mlango anaufunga mapema mno, na mimi pia nataka kujua kilichoendelea. Hata lile tukio la Darcy kupiga mbizi bwawani na kutoka na shati limemganda mwilini halimo kitabuni, ni la tamthilia ya televisheni ya 1995, na siku hizi hadithi za mashabiki zinalirudia kana kwamba ni aya ya Austen. Sawa. Shati lilowe. Ninachoomba ni aachwe kwanza achukize.

Ninayemtamani zaidi ni yule Anne wa Persuasion. Ana miaka 27, urembo wake wa usichana umepita, na Kapteni Wentworth, aliyemchumbia miaka minane nyuma, anarudi na kusema amebadilika hata asingemtambua. Maneno hayo Anne anafikishiwa na mdogo wake, na yanamkaa moyoni. Kisha wanakwenda Lyme, mji wa pwani, upepo wa bahari unampiga usoni, mwanaume asiyemjua anamkazia macho njiani, na Wentworth anageuka kumtazama upya. Unaona? Ilibidi mwingine aone kwanza. Mwishoni, wakiwa wamepatana, Wentworth anamwambia kwamba machoni pake yeye Anne hangeweza kubadilika kamwe. Anne anakumbuka vizuri sana alichosema zamani. Anatabasamu na kuliacha lipite. Wala hamsahihishi. Nimesoma hadithi nyingi za mashabiki zinazomfanya Wentworth apige magoti kuomba radhi kwa yale maneno, na zote naziona zimemnyang'anya Anne ushindi wake.