Siku kipimo kilipowaka Kibirizi

Mwaka 2009 nilikuwa Kibirizi, nje kidogo ya mji wa Kigoma, nikijifunza kazi kwa mjomba wangu. Ufukwe ule ni wa mbao. Mafundi wanaounda maboti ya dagaa na yale yanayopeleka abiria Kagunga wana jina la kila kitu: mkuku, mataruma, kalafati. Ukitumwa pamba na mawese ya kuzibia mianya, huwezi kurudi na kitu kingine.

Mjomba alikuwa fundi wa faiba, yaani maboti ya nyuzi za kioo badala ya mbao, kazi aliyoipata Dar es Salaam, na siku hiyo tulikuwa na boti ndogo iliyogonga jiwe ikapasuka tumboni. Faiba ilitufikia bila majina yake. Asubuhi aliniambia, "Nipe mkeka." Nikampa rovingi, maana ndiyo iliyofumwa, nyuzi zimepishana kama mkeka wa ukindu. Kumbe alitaka mati, ile nyeupe isiyofumwa, vinyuzi vifupi vilivyotawanywa na kushikizwa kwa gundi. Akadondoshea rezini, yale majimaji mazito yanayoganda yakawa magumu, kwenye kona yake nione. Gundi ikayeyuka, nyuzi zikalegea zikalala kufuata mkunjo wa boti, weupe ukapotea mpaka nikaona mbavu za boti kwa chini, kama ninatazama kupitia kioo kilicholowa. Rovingi inatia nguvu; mati inajaza na kushikanisha tabaka. Hilo lilinikaa kichwani palepale.

Neno lililotuponza lilikuwa "dawa".

Rezini yetu ilikuja na dumu bila koboliti ndani, kwa hiyo tulitia wenyewe. Kwanza koboliti kidogo sana, unaikoroga mpaka ienee kabisa, ndipo unatia hadna, gramu 10 hadi 20 kwa kilo moja ya rezini. Kwa jua la Kigoma tulikaa karibu na 10. Hadna ndiyo inayoigandisha rezini, koboliti inaiharakisha. Koboliti ni ya zambarau, hadna haina rangi, ukiitazama utadhani maji. Na hivi viwili havikutanishwi kamwe bila rezini katikati. Mjomba alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote pale ufukweni, lakini zote mbili aliziita dawa.

Mnamo saa nane mchana alikuwa amelala ubavu chini ya boti, anasukuma rola kutoa mapovu ya hewa kabla rezini haijakaza. Akaniita bila kugeuka: "Mjomba, andaa nyingine. Anza na dawa." Kipimo cha plastiki nilichokuwa nimepimia hadna kilikuwa na masalia chini, kama nusu kijiko. Nikamiminia humo ile ya zambarau.

Kikachemka mkononi. Povu la kahawia likafoka, moshi ukafuata, kisha ulimi wa moto. Nilikitupa mchangani, lakini matone yalikuwa yameshanichoma kiganja. Mjomba akachomoka chini ya boti. Alianza na dumu la rezini, akaliburuta mbali, kisha akafukia kipimo kwa mchanga. Halafu akanishika kifundo cha mkono, tukaenda mbio mpaka ziwani, akanizamishia kiganja majini na kukishikilia humo muda mrefu.

"Ulisema dawa," nilimwambia huku nikitetemeka.

Akakaa kimya, anatazama maji. "Ndiyo. Kosa ni langu, mwanangu."

Jioni alichukua rangi nyekundu ya boti na brashi nyembamba, akaandika HADNA kwenye chupa moja, KOBOLITI kwenye nyingine. Kila moja akaipa kipimo chake, akaziweka pembe mbili tofauti za kibanda. Fundi jirani wa maboti ya mbao alikuja akasimama, akasoma herufi moja moja kwa sauti, akauliza koboliti ni kitu gani. Mjomba alimweleza mpaka giza likaingia.

Kesho yake tulirudi kwenye boti, mkono wangu umefungwa kitambaa. Mjomba akajilaza mahali pake, akanyoosha mkono nje.

"Nipe mati," akasema.