Mimi Siyo Tapeli, Ni Dada wa Dodoso

Ukimwambia mtu unakusanya data za utafiti mtandaoni, anakuuliza: "Kwa hiyo unakaa tu na simu?" Mama mwenye nyumba wangu ameshaamini sina kazi. Ananikuta barazani, kompyuta mapajani, simu mbili pembeni, anapita na ndoo yake akisema, "Mwanangu, hata ushonaji siku hizi unalipa." Basi acha niwasimulie Jumanne moja ilivyokwenda.

Saa 12 asubuhi nafungua Kobo, programu ya kukusanyia majibu ya dodoso, kuona nani kajaza usiku. Utafiti wetu ni wa mikopo ya simu kwa madereva wa bodaboda wa Dar es Salaam: nani anakopa, anakopea nini, analipaje. Ukilijibu dodoso kwa utulivu ni dakika 15. Mshiriki anasoma maelezo ya ridhaa, anabonyeza "Nakubali", anajibu, halafu anapelekwa kwenye fomu nyingine kabisa ya kuacha namba ili apate vocha ya shilingi 2,000. Fomu hizo mbili hazikutani popote. Namba yako inakaa huku, madeni yako yanakaa kule, na hata mimi siwezi kuyaunganisha. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ila hata isingekuwepo, mtu aliyekufungulia madeni yake anastahili hilo.

Usiku walikuwa wamejaza wachache. Chai, chapati, bando la siku, kazi ikaanza.

Saa 2 mpaka saa 4 ni kubisha hodi. Kila kijiwe kina grupu lake la WhatsApp, kila grupu lina mwenyekiti, na linki haipiti bila yeye kuridhika. Shikamoo mzee, marahaba, natokea sehemu fulani, barua ya kibali hii hapa, kitambulisho hiki hapa. Mwenyekiti wa Mbagala akaniuliza, "Sasa dada, ya maji hamna hapo?" Hamna. Nikimpa yeye chochote, atawaamrisha vijana wajaze, na aliyeamrishwa hajaridhia. Akaguna, akaweka linki.

Siwalaumu wanaokataa. Nchi hii kila mwenye simu ameshapata meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Na mikopo yenyewe ndiyo kabisa: mtu kakopa kidogo kwenye programu, kachelewa siku mbili, meseji za kumdhalilisha zimefika kwa kila aliyemo kwenye simu yake, mpaka kwa baba mkwe. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ikatangaza majukwaa na programu 69 zinazokopesha bila leseni. Halafu ndiyo naibuka mimi, hunijui, na linki yenye neno "mikopo". Hata mimi nisingebonyeza.

Saa 5 hivi likaja balaa la siku. Ujumbe wa sauti kwenye grupu la Mbagala, dakika nzima, honda inanguruma nyuma: "Jamani huyu dada wa dodoso ni tapeli. Nimejaza nusu saa, kaniuliza mpaka nadaiwa na nani, vocha hakuna! Msijaze! Namba yake itumeni 15040 hiyo!"

Unaijua ile hali ya grupu likichafuka? Mmoja kaweka vikatuni vya kucheka. Mwingine kasema alijua tangu asubuhi. Wa tatu, ambaye najua hakufungua hata linki, kasema na yeye kaibiwa. Mwenyekiti akanipigia: "Dada, umenivunjia heshima kijiweni."

Nikaingia kwenye fomu ya malipo. Namba ya yule kaka ipo. Vocha ilitumwa saa 3 na nusu, na uthibitisho ninao. Nikamfuata pembeni.

"Kaka, samahani, vocha yako ilitumwa saa 3 na nusu. Hebu angalia meseji za mtandao wako."

"Hakuna kitu. Salio sifuri."

"Soma zile meseji, kaka."

"Dada usinichoshe, nina abiria."

Akapotea saa nzima. Huko kwenye grupu mimi nikaendelea kuwa tapeli. Nikampigia, akakata. Nikampigia tena, akapokea yuko barabarani, akasema nisubiri ashushe. Nikasubiri. Wali umepoa, mama mwenye nyumba kapita na ndoo tupu akitikisa kichwa. Hatimaye akanitumia skrinshoti, na kwenye skrinshoti kila kitu kipo: vocha imeingia, papo hapo imekatwa kulipa salio alilokuwa amekopa kwenye mtandao wake wiki iliyopita. Shilingi 2,000 yote imekwenda kwenye deni. Yaani utafiti wa mikopo umelipia mkopo.

Jibu ninalo, na siwezi kulitumia. Nikiandika pale kwenye grupu "vocha imekatwa deni lake", nimemvua nguo mbele ya wenzake zaidi ya mia, nimefanya kilekile tunachokichunguza. Nikamwandikia taratibu: kaka, nakuomba wewe mwenyewe uwaambie kwamba vocha iliingia. Ya deni usiyaguse. Akasoma. Alama zikawa za bluu. Akanyamaza.

Sijui ni saa ngapi alipoandika, nadhani ilikuwa kwenye saa 9. Aliandika neno moja tu kwenye grupu: "Tumeelewana."

Hapo ndipo palipoharibika kabisa, maana kijiweni kuelewana ni kupewa kitu. Simu zikaanza. "Dada, na mimi tuelewane." "Dada, mwenzangu umempa ngapi?" Mmoja alikuwa na lake: "Mbona swali la kati linanilazimisha nisikubaliane?" Huyo nilimpenda, kwa sababu amelisoma. Ni swali la mtego: linakwambia chagua "Sikubaliani", ili tumjue anayebonyeza bila kusoma.

Majibu yakamiminika. Jioni nzima idadi kwenye kiwambo inapanda, na mimi moyo unashuka, kwa sababu najua yanakotoka. Dodoso la dakika 15 limejazwa kwa dakika mbili. "Nakubaliana kabisa" kutoka swali la kwanza hadi la mwisho, pamoja na la mtego. Kwenye swali la kujieleza, fomu saba mfululizo zimeandika "mkopo unasaidai familia". Saba, na zote "unasaidai". Mtu mmoja, simu za nyumba nzima.

Nikazitia alama zote za kutolewa. Lakini vocha zao? Nilishasema fomu hazikutani. Jibu bovu nalijua, ila namba ya aliyelijaza siijui. Namba iliyojirudia naizuia, iliyobaki inalipwa. Ndugu wa "unasaidai" atakula vocha zake, na bado nitaitetea fomu ile ya pili kikao chochote.

Katikati ya takataka hizo kuna mmoja alitumia dakika 22. Kaandika kwamba anakopa asubuhi ajaze mafuta, analipa jioni kwa hesabu ya bosi, yaani hela ya siku ya mwenye pikipiki, kisha anakopa tena apeleke hesabu. Nimelisoma zaidi ya mara moja. Na wenye vitochi, simu zisizofungua linki, wazee wa vijiwe ambao huenda ndio wanadaiwa kuliko wote, hawamo kabisa. Itabidi ripoti iseme hivyo.

Nikiwa naelekea kulala, msimamizi wetu, Daktari, akatuma ujumbe. Kaona idadi imeruka. "Hongereni! Mbagala mmetumia mbinu gani?"

Nikamjibu: "Shikamoo Daktari. Usiihesabu bado. Kesho nikupigie, ni stori ndefu."

Akaniuliza kama mbinu hiyo tunaweza kuipeleka na Tandika.