Siku moja na nondo wa majaruba ya Luiche

Saa 12 asubuhi natoka Ujiji, Kigoma, kwa pikipiki. Mpunga wa bonde la Luiche ndio kwanza umeshika baada ya kupandikizwa, na huo ndio umri anaoupenda mdudu ninayemfuata: nondo mdogo mweupe ambaye kiwavi wake hula majani ya mpunga.

Saa 1. Mama mmoja ananisubiri tutani. "Bwana shamba, viwavijeshi wameingia."

"Shikamoo mama. Hebu tutazame jani kwanza."

Kiwavijeshi hula jani toka ukingoni. Hapa kijani kimekwanguliwa, umebaki utando mweupe wenye vistari kama ngazi. Majini, upande upepo unakosukumia, vinaelea vipande vya majani vilivyoviringwa.

Nafungua kimoja kwenye sahani ya maji. Kiwavi anachomoza, kijani kilichopauka, kichwa cha hudhurungi. Nampa mama lenzi: ubavuni kuna nyuzi nyeupe zenye matawi. Hayo ni matamvua, anapumua majini! Nondo wengi, viwavi wao hawana kitu hicho. Mama anaita wanawe nao waone, na mimi sichoki kumtazama.

Maisha yake yote yamefungwa na maji. Mayai hutagwa chini ya majani yanayogusa maji, huanguliwa baada ya siku kama 4. Kiwavi hukata ncha ya jani, huishona kwa hariri yake, na kuhama nyumba kadiri anavyokua. Wiki 2 hadi 3 baadaye huibana nyumba kwenye shina, anakuwa pupa, na baada ya wiki hivi anatoka nondo.

Saa 7, ugali wa muhogo na mgebuka, kisha kikao chini ya mchikichi. Kijana mmoja keshanunua dawa. Namsihi aiache: itaua buibui wanaotulindia mpunga. Tukikausha jaruba siku 2 au 3, matamvua yanakauka na kiwavi anakufa.

Saa 2 usiku natundika shuka mbele ya taa. Wanatua weupe wadogo, mabawa yakitandazwa ni kama milimita 15, yana madoa ya kahawia. Ndiye huyo, kwa jina la kisayansi Parapoynx stagnalis. Nondo weupe wa majini hufanana sana, kwa hiyo jina naliandika nikiwa na kiwavi, nyumba yake na mmea anaoula, bawa pekee halinitoshi.

Nampigia mwenyekiti. Kesho alfajiri mfereji unafungwa, na kila mdomo wa kutolea maji uwekwe chandarua chakavu, viwavi wasije wakaelea hadi kwa jirani.